Gia ya Mti Mweupe

Trekta yetu ilinifika kiunoni. Haikuwa na kiti wala usukani. Ilikuwa na magurudumu mawili, injini yenye kelele za kuudhi kijiji kizima, na mikono miwili mirefu unayoishika kwa nyuma huku yenyewe inatembea mbele yako ikipindua udongo. Mzungu aliyekuwa nayo kwanza aliitumia kulimia kabichi. Baba, ambaye alikuwa dereva wa matrekta makubwa kule Nachingwea wakati wa mpango wa Wazungu wa kulima karanga, aliinunua mpango ulipofungwa, akaipandisha kwa lori hadi kwetu Chilangala. Siku ilipoteremshwa watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakamuuliza baba kama mama wa trekta hiyo yuko nyuma anakuja.

Baba hakuifaidi sana. Homa ilimchukua msimu wa pili, akatuachia trekta, spana sita ndani ya mfuko wa turubai, na maneno aliyonirudia mara nyingi hata nikayajua kama jina langu: spea usiitambue kwa sura, hesabu meno, pima tundu, tazama mfereji wa kabari, ndipo uipende. Nilikuwa mtoto wake wa pekee, na hakujali kabisa kwamba ni wa kike. Nilipofika miaka kumi na sita nilikwisha jiona fundi, na aliyenibishia alijuta.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini, nimerudi kutoka shule ya Masasi, sijaolewa, na mama hawezi kuinama. Kwetu huku juu maji hayakuwepo. Wanawake tuliyafuata bondeni na kuyapandisha kichwani. Mama alianguka kwenye mteremko na debe lake, nyonga ikateguka, na haikurudi ilivyokuwa. Jembe la mkono likamshinda. Lakini nyuma ya trekta alitembea, tena wima, kwa sababu aliiegemea mikono miwili ya trekta. Alisema ile ndiyo fimbo yake, ila ni fimbo inayokunywa petroli.

Aliyekuwa haridhiki ni mjomba. Kwa mila zetu shamba ni la upande wa mama, na kaka mkubwa wa mama ndiye mwenye kauli. Shamba lake na letu yalipakana. Mjomba alikuwa mchongaji, mtu wa maneno machache, na macho yake yakikutazama unajihisi kipande cha mti ambacho hajaamua kukifanya nini. Siku moja alikuja, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama:

"Dada, mwaka huu mvua ikikuta shamba hili halijalimwa, unahamia kwangu. Shamba nitampa anayeweza kulilima."

"Mvua haitalikuta," mama akajibu.

Mimi nikaongeza la kwangu, ambalo sitaliandika hapa. Mama alinifinya paja, na alama ya kucha zake nilikaa nayo siku mbili.

Wiki iliyofuata gia ikavunjika. Ilikuwa ile gia inayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu. Ikatoka vipande vitatu. Tukavifunga kwenye kitambaa, tukampa dereva wa lori avipeleke Lindi kwa wenye maduka, walete nyingine ya namna ile. Gia haikuja. Vipande navyo havikurudi, na dereva hakukumbuka alimpa nani. Nilimpigia kelele mbele ya abiria wake wote, nikaondoka nimepoa moyo, lakini mikono mitupu. Korosho zilikwisha anza kuanguka. Kila alasiri mawingu yalikusanyika upande wa Msumbiji, yakatutazama, yakaenda zao. Ndani ya trekta kulikuwa na nafasi tupu, shafti, na gia kubwa ya pili inayongoja mwenzake. Utatafutaje mfano wa kitu ambacho hukukibakiza?

Mjomba alikuja bila kuitwa. Nikamwamkia shikamoo ya mdomoni tu, akaitika marahaba. Akapiga magoti kando ya trekta, akaingiza mkono ndani ya sanduku la gia, akafumba macho. Vidole vyake vilipita juu ya meno ya ile gia kubwa jino kwa jino, vikapima ile nafasi tupu, vikazunguka shafti. Hakutaka rula wala kamba. Alipomaliza aliufuta mkono kwenye majani akaenda zake porini.

Hapa lazima niseme jambo. Kuna mti mwepesi, mweupe ndani, ambao wachongaji wetu huuchongea nyuso za kuvaliwa katika ngoma ya mapiko. Siku hizo mwanamke hakutakiwa kujua kwamba uso ule umechongwa na mtu, tena mtu unayemjua, anayekula ugali nyumbani kwako. Kwa hiyo habari zote za mti ule zilikuwa za wanaume. Unakatwa wapi, unachongwaje, una tabia gani, hatukuuliza, na tukiuliza hatukujibiwa. Tulipitia njia nyingine tukisikia shoka.

Baada ya siku mbili mjomba alirudi na kitu alichokizungushia majani mabichi ya mgomba. Akafungua. Jamani! Gia nzima ya mti, nyeupe, yenye unyevunyevu, na meno ishirini na manne yaliyosimama sawasawa. Nikayahesabu mara tatu. Mfereji wa kabari, ule unaozuia gia isiteleze kwenye shafti, ulikuwepo. Tundu lilikuwepo. Nilikuwa na bolti moja nene ya marehemu baba iliyolingana na shafti. Nikaitia kwenye tundu ikapita kwa raha. Mjomba akaichomeka gia yake mahali pake, akaniashiria. Nikazungusha kwa mkono. Gia ya mti ikauma gia ya chuma, zikaenda pamoja, taratibu, bila kukwama, na magurudumu ya trekta yakasogea kidogo kwenye vumbi. Mama alipiga vigelegele akiwa amekaa. Mimi nilicheza pale uani, na sikuona haya.

Mjomba hakucheka. Aliitoa, akaifunga tena kwenye majani yake, akaninyooshea.

"Nenda nayo Masasi. Usiifungue mpaka ufike. Njiani uinyunyizie maji."

"Kwa nini, mjomba?"

"Basi tu."

Mimi na neno "basi tu" hatujawahi kupatana. Mwalimu aliyelitumia darasani nilimchukia mwaka mzima.

Newala mjini nilingoja lori siku tatu. Siku ya kwanza nilitii. Majani yalinilowanisha khanga, na watu wakaniuliza nimebeba samaki. Halafu fikiria mwenyewe: Newala ile, wanawake wamepanga foleni na madebe yao tangu alfajiri, nami nachukua kikombe cha maji na kukimwagia kipande cha mti mbele ya macho yao. Mama mmoja aliniambia, "Binti, mti huo ukiota utuite." Nilifedheheka. Siku ya pili nikafungua majani nikayatupa, nikaiweka gia juani juu ya boneti ya lori bovu, nikawaonyesha watu kazi ya mjomba wangu. Walikusanyika. Wengine waliigusa. Wanaume wazima wawili waliutazama ule mti, wakatazamana, wakaondoka. Nikadhani ni wivu. Gia ilikauka vizuri, ikawa nyepesi na safi, na mimi nikajisifu kwamba nimeitunza kuliko alivyoagiza.

Masasi nilimfuata mzee mmoja Myao, mwenye kofia safi kila siku ya Mungu, aliyekuwa na lundo la vyuma nyuma ya nyumba yake. Vingi vilitoka kwenye mashine zilizoachwa Nachingwea. Wahunzi walivinunua wakafua majembe na mashoka. Nikamwamkia, nikamwonyesha gia yangu ya mti. Aliigeuzageuza.

"Hiki umekifanya wewe?"

"Mjomba wangu."

"Mjomba wako ana jicho. Haya, lundo hilo. Ukiumwa na nge usiniite."

Ni mpenda mashine pekee atakayeelewa raha ya siku ile. Kulikuwa na minyororo, beringi, pistoni, vipande vya matrekta makubwa ambavyo baba aliwahi kunitajia kwa majina, na sasa vilikuwa hapa, chini ya miguu yangu. Nilichimba. Nilipopata gia nilihesabu meno. Kumi na nane, tupa. Thelathini, tupa. Ishirini na mbili. Moyo ukapanda ukashuka. Mikono ikawa myeusi mpaka viwikoni. Saa sita nilipata moja ya meno ishirini na manne, imepakwa rangi nyekundu ubavuni, mfereji wa kabari uleule, bolti ya baba ikapita. Nikapiga ukelele. Nikailaza juu ya gia ya mti, nayo ikatokeza pande zote mbili, karibu upana wa kidole ukizijumlisha. Kubwa mno. Nikaiweka kando kwa uchungu.

Alasiri nikapata nyingine. Meno ishirini na manne, tundu lilelile, mfereji uleule. Bila shaka zilikuwa za mashine za ukoo mmoja, ila hii ilikuwa ndogo kidogo. Nikailaza juu ya mti: sawasawa. Niliigusa kingo kwa kidole gumba, chuma na mti vilikuwa kitu kimoja. Sikuigeuza. Niliilaza mara moja, upande mmoja, nikaamini. Ili kukamilisha nikaitia bolti ya baba kwenye tundu la gia ya mti, ikagoma kuingia. Nikajiambia mti umevimba kwa jasho la mikono ya watu wa Newala. Naandika hivi sasa nikiwa bibi mwenye wajukuu, na bado natamani kumzaba kofi yule binti.

Nilirudi Chilangala nikiimba. Mama alikuwa amekwisha tafuta petroli. Nikafunga gia, nikazungusha. Haikugusa. Kati ya meno yake na meno ya mwenzake palipita mwanga. Nikaifungua, nikaifunga upya. Mwanga uleule. Mama alijiinua kwa shida, akaanza kukunja mikeka yake miwili mizuri, ile ya wageni, akaiegemeza mlangoni. Nilijua anaikunjia nini.

Nikaenda kwa mjomba kwa miguu ya hasira. Nilimkuta anachonga. Sikumwamkia.

"Umetufanyia makusudi," nikamwambia. "Ulichonga ndogo. Unataka mama akae kwako akulindie kuku, shamba uwape watoto wa dada zako wengine."

Mke wake alishika mdomo. Kwetu mpwa hamwambii mjomba maneno hayo. Mjomba aliweka tezo chini. Akanyoosha mkono, nikampa gia ya mti. Akaondoka nayo kuelekea kwetu, mimi nyuma yake, nikingoja tu aniinulie mkono ili nami niwe na haki ya kulia.

Akaichomeka kwenye trekta kama siku ile ya kwanza. Kwenye shafti ilimbidi aigonge. Akazungusha. Meno yakaumana, trak, trak. Kisha yakalegea, gia ikazunguka bure. Kisha yakaumana tena. Kisha yakalegea. Alizungusha mara nne, tano, nasi tukasikiliza. Gia haikuwa duara tena. Ilikuwa na umbo la yai.

"Uliifungua," akasema.

Niliinama nikaanza kuzikusanya spana za baba.

"Uliianika juani."

"Ndiyo, mjomba."

Akamtazama dada yake. Sikuelewa wakati ule anamwomba nini kwa macho, lakini mama alielewa, akajigeuza akatazama ukuta na kuanza kuhesabu nguo kwenye kamba, moja, mbili, tatu, kwa sauti, ingawa zilikuwa tatu tu. Ndipo mjomba aliposhusha sauti akaniambia mambo ambayo mjomba hakuwa akimwambia mpwa wa kike.

"Mti huu tunauchonga mbichi. Ukikauka unajivuta na kunywea ubavuni. Kwa urefu wake hausogei. Tazama mistari." Akapitisha ukucha juu ya mistari midogo ya mti. "Huku, kufuata mistari, unasema kweli. Huku, kukata mistari, mti umedanganya. Wewe umepima huku."

Akachukua kijiti cha mpingo mkavu mfukoni, akakilaza kufuata mistari, kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la ng'ambo, akakikata hapohapo.

"Huu haujivuti. Kapime na huu."

Nikakilaza kile kijiti juu ya gia ndogo ya chuma. Kilitokeza. Kilitokeza karibu upana wa kidole.

Nilipiga kelele mama akaacha kuhesabu. "Nyekundu! Ile nyekundu! Niliishika! Niliishika kwa mikono yangu!" Nilimkumbatia mama, nusura nimwangushe, nikageuka kumkumbatia mjomba, nikakumbuka nilichomwambia, nikabaki nimenyoosha mikono.

Kesho yake nilipanda lori la kwanza. Mawingu hayakuwa yakienda zao tena, yalilala. Masasi nilishuka lori halijasimama vizuri. Mzee wa kofia alinitazama kwa huruma.

"Nyekundu? Ameichukua mhunzi wa Chiwata, juzi. Na vyuma vingine gunia zima."

Mhunzi! Nikaiona gia yangu ikiwa jembe. Nikaiona ikiwa mashoka mawili. Nilienda Chiwata kwa miguu, na pale njia ilipoteremka nilikimbia, na ile gia ndogo ikinipiga mgongoni ndani ya khanga. Nilisikia nyundo kabla ya kuiona nyumba. Mhunzi, mtu mnene mwenye kifua kilichounguzwaunguzwa na cheche, aliniona natweta akasimamisha kazi.

"Shikamoo baba. Gia. Nyekundu. Umeifua?"

"Marahaba. Kaa kwanza, unywe maji."

"Umeifua?"

Akaonyesha kwa kidevu. Pale kwenye mivukuto ya kupulizia moto, juu ya ngozi, palikuwa na kitu kizito kilichowekwa kuisaidia ishuke. Kilikuwa chekundu ubavuni. Nilipiga magoti vumbini, nikatoa kijiti cha mpingo, nikakilaza. Ncha hii kwenye jino hili, ncha ile kwenye jino lile. Nikaigeuza gia robo, nikapima tena. Nikaigeuza tena. Kila upande kijiti kilikaa palepale. Nililia, na nilikuwa nacheka pia, na mhunzi akamwita mke wake aje aone.

"Nami nitawekea nini mivukuto yangu?" akauliza.

Nikampa ile ndogo. Aliipima mkononi, akaiweka juu ya ngozi, akavuta mara mbili, akasema hii hata ni nzuri zaidi.

Nilifika Chilangala asubuhi, anga jeusi, harufu ya mvua imeshafika kabla yake. Mjomba alikuwa pale, amekaa juu ya kinu. Nikafunga gia. Nikazungusha kwa mkono, nikasikiliza. Trak, trak, trak, haikulegea hata mara moja. Mama aliishika mikono miwili ya fimbo yake, nikavuta kamba ya injini. Mara ya tatu ikaitikia, kuku wakatawanyika, na mama akaenda. Alienda wima. Udongo mwekundu ulipinduka mbele ya miguu yake, na majirani walewale waliocheka walitoka kusimama kando ya njia. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Alasiri mjomba alisimama mwisho wa shamba letu, penye mpaka wake. Nikamwendea, nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo ya kweli. Nikamwomba radhi, maneno yakatoka ovyo. Aliitikia tu. Ndipo nikamuuliza lililokuwa linanisumbua njia nzima.

"Mjomba, ulikuwa na mpingo mkavu nyumbani. Ungechonga kwa mpingo, yasingetokea haya. Kwa nini mti mbichi?"

Alikuwa anamtazama mama.

"Mpingo ungenichukua siku kumi na mbili," akasema. "Nilitazama mawingu nikaona hazipo."

Tone la kwanza la mvua lilinipiga mkononi, kubwa na la moto. Mama alikuwa amemaliza mstari wa mwisho wa shamba letu, na hakusimama. Trekta ikavuka mpaka ikaingia kwenye shamba la kaka yake, ikiendelea kupindua.

"Dada!" mjomba akapaza sauti. "Dada, umepita! Hilo ni langu!"

"Sisikii," mama akasema bila kugeuka. "Kitu hiki kina kelele."